Wageni wa Chef Cyprien

Kanyamiyaga, chini ya Luvungi
Tarehe 6 mwezi wa tatu 2023

Kwa mutoto wangu Colombe, huko Bukavu,

Jambo sana. Ukisoma hii barua ujue ni mukono wangu mwenyewe, mimi tonton wako Lucien. Niliishia ya tano primaire, lakini ile ya tano ya wakati wetu, leo ni université. Usishangae kuona karatasi. Telefone yangu ilimezwa na kiboko. Nilikuwa kando ya Ruzizi ninaongea na mutu, kiboko akatoka, akafungua kinywa, nikaona lazima nichague: mukono ao telefone. Nikachagua. Mpaka leo ukipita pale unaisikia inalia ndani ya tumbo lake.

Sasa habari yenyewe: nimepanda cheo. Chef wetu Cyprien, ule intérimaire mwenye anashikilia kiti tangu muzee chef afe, amenialika kwake. Si kwa kikombe cha chai, apana. Ninalala kwake kabisa. Sababu ni hadithi. Ku kilio ya muzee Mardochée watu walikuwa na huzuni mingi, nikasema niwapunguzie. Nikawaambia vile mbuzi za chef, zile zote anakusanyaka za amende, za kulipisha watu makosa, zikiitwa jioni kuingia mu lupango, ndani ya ua wake, haziitikie sawa mbuzi za watu wengine. Kila moja inataja jina la mwenye alikuwa nayo zamani. Chef anaita, moja inajibu: «Meee-mi wa Maman Rosette!» Ingine: «Meee-mi wa Déogratias!» Watu walicheka mpaka mujane mwenyewe akashika mbavu. Kesho yake asubuhi chef akatuma watu wawili kunitafuta. Unaona vile hadithi nzuri inatembeaka mbio?

Hapa ninaishi kama gouverneur. Nyumba iko na mulango moja tu, wa chuma, na wanaufunga kwa nje juu mwizi asinisumbue. Nikienda ku choo, vijana wawili wananisindikiza, moja mbele, moja nyuma. Viatu niliviacha ku mulango, kwa heshima. Na mukaba wangu, ule wa ngozi ya mamba, nilimuzawadia chef. Aliupenda sana.

Usihangaike juu yangu. Niambie habari ya tumbo. Siku tulimuzika dada yangu, mama yako, nilikuahidi: mutoto wako wa kwanza, mimi njo nitamubeba wa kwanza mu familia, mu nafasi yake. Ile ahadi iko palepale. Tuma tu ule tricot wangu wa baridi ulibaki kwako, nyumba ya chef iko na upepo mingi.

Barua inabebwa na Maman Rosette, ule mwenye kuuzisha tomate ku soko ya Nyawera. Usimuulize maneno mingi, anachokaka.

Tonton wako,
Lucien, mugeni wa chef

*

Bukavu, tarehe 9/3/2023

Tonton Lucien,

Barua yako imenichekesha mpaka bwana yangu Bruno akakuja kuuliza kuna nini. Nikamwambia: kiboko amekula telefone ya tonton. Akasema: «Tena?» Mwaka ule mwingine si ilikuwa tai?

Mimi niko muzima. Hapa nyumbani kazi ni ileile: ninafua, ninapika, ninamugombeza Bruno juu anarudi kutoka shule na chaki mpaka ndani ya masikio. Tumbo linakua vizuri. Waganga wanasema mwezi wa ine, pengine mbele kidogo.

Tricot iko mu mufuko, pamoja na sabuni.

Lakini, tonton, ule mukaba. Uliuvaa siku ya communion yangu. Uliuvaa siku ya ndoa yangu, juu ya ile suruali nyeupe, na kila mugeni ulimuonyesha pale jino la mamba lilipita. Siku walikupasua hernie ulimwambia muganga afanye kazi yake chini ya mukaba. Leo umemupa chef Cyprien? Yule mwenye ulikuwa unasema anatembea kama bata amebeba valise?

Nilimuuliza Maman Rosette. Aliangalia tomate zake, akasema: «Tonton wako anakula.» Mimi sikumuuliza kama unakula.

Mutoto wako,
Colombe

*

Kanyamiyaga, tarehe 13 mwezi wa tatu

Kwa Colombe mwenye maswali mingi,

Tricot ilifika. Ninaivaa, na muzee Déogratias anaivaa, tunabadilishana. Juu sikukuambia: siko mugeni peke yangu. Chef ni mutu wa kupokea watu. Muzee Déogratias alialikwa juu hakutokea ku salongo, ile kazi ya pamoja ya kufyeka barabara. Siku ile alikuwa na homa, lakini chef hakutaka kumukosa. Anakohoa kidogo. Ku chumba cha pili kuna Maman Micheline. Yeye, chef alikuwa anatafuta mutoto wake mwanaume, na mutoto ameenda mu dhahabu huko Mwenga. Basi chef akaalika mama, angoje mu nafasi ya mutoto mpaka arudi. Heshima kama ile uliiona wapi?

Jioni wananiomba hadithi. Ninawapa ya mamba. Ule mamba, unajua, nilimushika na mikono mbili. Ukisikia mutu anasema ilikuwa na fimbo, ule mutu hakukuwa pale.

Chef mwenyewe anasoma barua zangu mbele ziende Bukavu, anazipenda sana. Njo maana ninaandika hapa, kwa maandishi makubwa: CHEF CYPRIEN NI MUTU MWEMA.

Sasa na mimi niko na swali. Barua yako imepanda mulima. Kila mustari unaanza chini na unapanda juu sawa barabara ya Ngomo. Wewe uliandikaka kama masista, mistari imelala sawa kamba. Mutu anaandikaka vile akiwa amelala ku mugongo na karatasi iko hewani. Colombe, tangu lini unalala muchana? Na ile sabuni umetuma iko na harufu ya hopitali.

Unijibu vizuri.

Tonton wako Lucien

*

Bukavu, tarehe 16/3/2023

Tonton wangu,

Hii barua Maman Rosette ataificha ndani ya bugali, chef asiione. Usimeze haraka.

Uko mu kasho. Umefungwa.

Bruno alifungwa siku moja akiwa mwanafunzi, na aliniambia: kitu cha kwanza wanavuaka mutu ni mukaba na viatu. Niliposoma kwamba chef anasoma barua zako, nilimushika Maman Rosette mukono, nikakataa kuuachilia. Akalia. Akasema: «Ninyi wawili munanichosha! Yeye aliniapisha nisikuambie, na wewe uliniapisha nisimuambie. Ninabeba siri mbili mu kitunga moja ya tomate, na njia yenyewe ni mbaya!»

Basi na yangu nitoe. Siko nyumbani. Niko ku hopitali, hapa mu Ibanda, tangu mbele barua yako ya kwanza ifike. Tension, presha ya damu, ilipanda, miguu ilivimba, nikaanza kuona nyota na muchana. Wamenikataza kuinuka. Ninalala, ninahesabu mbao za plafond juu ya kichwa. Ikipanda tena watanipasua watoe mutoto, hata kama wakati wake haujafika. Njo maana Bruno hawezi kushuka kukutafuta, wanaweza kunipeleka saa yoyote. Sikukuambia juu nilijua utatembea na miguu kutoka Luvungi mpaka hapa. Sikujua umefungiwa.

Ninaogopa, tonton. Ninakutaka hapa. Si juu ya ahadi. Ni juu ukiwa karibu na kitanda changu na unadanganya, ninapumuaka vizuri.

Sasa sikia. Bruno aliuliza avocat, mutu wa sheria. Chef wa kijiji hana ruhusa ya kufunga mutu, hana ruhusa ya kuwa na kasho nyumbani. Hata polisi yenyewe, siku mbili zikipita lazima ikupeleke mbele ya parquet, ofisi ya mushitaki wa serikali, ao ikuachilie. Kukosa salongo hakumuingize muzee mu kasho. Na hakuna mama anafungwa mu nafasi ya mutoto wake, hata mutoto akiwa amefanya nini. Usimutukane chef. Ngoja pakuwe watu wengi, umuulize kwa sauti: «Mandat yako iko wapi?»

Mandat, tonton, ni ile karatasi ya parquet yenye kubeba jina lako na kosa lako, yenye kumuruhusu mutu kukukamata. Yeye hana. Hawezi kuwa nayo.

Ufanye haraka.

Colombe

*

Kanyamiyaga, nyumbani KWANGU
Tarehe 20 mwezi wa tatu

Colombe, mutoto wa dada yangu,

Nimetoka. Tumetoka sote. Ninakueleza, lakini kwanza ulale upande wenye waganga walisema, usicheke sana.

Bugali ilifika na sombe, majani ya muhogo, juu. Njaa ilinitangulia. Nilipokumbuka maneno ya Maman Rosette, «ukule pole, ukule pole», nilikuwa nimeshatafuna kona moja. Ile ilibaki nikaisoma yote, ya kasho, ya hopitali, ya mbao za plafond. Nikaenda kugeukia ukuta, wasione macho yangu. Déogratias akaniuliza: «Ni sombe imekuchoma?» Nikasema ndiyo.

Kisha nikafika pa «Mandat yako iko wapi?» Chini yake mafuta ya mawese yalikuwa yamekunywa maneno, na zingine zilikuwa mu tumbo langu. Lakini mimi si mutu wa kuelezwa mandat! Ninaisikiaka ku radio kila siku: mandat ni ule muda mutu anapewa wa kukaa ku kiti, ukiisha anatoka. Nikasema, huyu mutoto ni akili ya mama yake! Amejua Cyprien alitiwa kwa miezi tatu tu, wakimutafuta chef wa kweli, na sasa ni mwaka wa tatu anakalia. Ni Bukavu gani ilimuambia ile?

Jana, jumapili, watu wakatoka misa. Njia inapita mbele ya lupango ya chef. Nikapanda ku mabega ya Déogratias, kisha nikashuka juu alianza kukohoa, nikapanda ku ndoo. Nikaweka kinywa ku ile dirisha ndogo.

«Chef Cyprien! Mandat yako iko wapi?»

Watu wakasimama. Chef alikuwa anakunywa bière yake mu kivuli, akaweka chupa chini.

«Nani ule anauliza?»

«Mutoto wangu wa Bukavu! Bukavu inauliza: mandat yako iko wapi?»

«Bukavu... Bukavu wapi?»

«Mu Ibanda!»

Colombe, sikudanganya. Si ulisema uko Ibanda? Lakini Ibanda kwa chef ni mahali pa ofisi zote kubwa, mahali karatasi yake ya kuthibitisha haijatoka mpaka leo. Rangi ilimutoka. Nikasikia mwanamuke moja mu watu anasema pole pole: «Kweli, yake si ilikuwa ya miezi tatu?» Na mwingine: «Iko wapi, chef? Tuonyeshe.» Na kisha si pole pole tena.

Akakuja na funguo mwenyewe. Tukatoka. Jua lilinipiga mu macho, nikashika suruali na mukono moja isishuke mbele ya wakristo. Chef akapanua mikono, akacheka kicheko kibaya, akasema: «Ndugu zangu, ni makelele ya nini? Hapa hakuna mutu alifungwa. Hawa ni wageni wangu! Muulizeni Lucien. Aliiandika na mukono wake, nilisoma na macho yangu: Lucien, mugeni wa chef. Ni kweli ao ni bongo, Lucien?»

Watu wote wakaniangalia. Wananijua. Walikuwa wameshaanza kutabasamu, wanangoja nitie chumvi. Na chef aliniangalia na macho ya kusema: ukubali, na wewe utoke na cheo chako. Neno lilikuwa langu. Alilichukua mu barua yangu sawa vile alichukua mukaba.

Nikamuangalia muzee Déogratias, alikuwa ameshika ukuta. Maman Micheline alikuwa anafunga kitambaa ku kichwa, kitambaa kinakataa.

Nikasema: «Hapana, chef. Tulifungwa. Ile ya wageni ilikuwa bongo, niliiandika juu mutoto wangu iko na mimba, sikutaka ahangaike. Hukutuonyesha karatasi. Hukutuambia kosa. Ulitufungia ndani, na hii mama ulimufunga juu ya mutoto wake.»

Ni ile tu. Haikukuwa na mamba ndani, haikukuwa na kiboko.

Kisha mu lupango mbuzi moja ikafanya: «Meee!» Na mutu kule nyuma akamaliza: «...mi wa Maman Rosette!» Hapo sasa, ah! Watu walicheka mpaka chef akaingia nyumbani na kufunga mulango wake kwa ndani.

Alituacha twende. Mukaba hakurudisha, alikuwa ameuvaa. Nimefika nyumbani nimeshika suruali.

Nikuambie kitu kimoja, na usikisome mbele ya watu. Siku ya kwanza mule ndani, Déogratias aliniomba hadithi, nikakosa. Mimi Lucien! Nilifungua kinywa, hakukutoka kitu. Ni siku nilianza kukuandikia njo zilirudi.

Miguu yangu bado haijui kutembea, ilivimba kama yako. Ikipona ninakuja. Mukono moja utashika suruali, mwingine utamubeba mutoto. Lakini kwanza unijibu. Hata kama ni neno moja. Hata mustari ukipanda mulima.

Lucien

*

Bukavu, tarehe 23/3/2023

Tonton Lucien,

Ni binti.

Juzi tension ilipanda, wakanipeleka mbio, wakanipasua. Ni mudogo, anaenea mu kofia ya Bruno, lakini analia kama mutu mwenye kutafuta haki yake. Mimi niko hai. Ninaandika nimekaa, uangalie mistari.

Hakuna mutu wa familia amemubeba. Bruno ni baba, hahesabiwe. Waganga ni kazi yao. Mama wa Bruno alifika na mikono wazi, nikamuambia: maman, samahani, tunangoja mutu. Amekasirika, amekaa ku corridor, amevaa pagne yake mupya. Ufanye haraka, ile hasira itaniua kuliko tension.

Barua yako niliisoma na mukono ku kidonda, juu kucheka kunaniuma. Tonton, mandat si ile! Mandat niliandika ni karatasi ya kukamata mutu. Ulikula maelezo yake na sombe. Bruno alienda kumueleza avocat, naye alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena, akasema: «Kwani zote mbili, yule chef si hana?»

Ile ulisema mbele ya watu, nilimusomea binti yangu. Ile tu, zingine atazisikia kwako. Nilisoma pole pole, na hakulia.

Bruno amekununulia mukaba ku Nyawera. Ni plastiki, chuma yake imeanza kutu mbele ivaliwe. Ninajua si kitu. Watu wakikuuliza, useme unavyotaka: nyoka, simba, kiboko ule mwenye telefone.

Jina bado. Linakungoja na lenyewe.

Colombe

*

Kanyamiyaga, tarehe 27 mwezi wa tatu

Colombe, mama wa binti,

Alhamisi ninapanda na Maman Rosette mu Fuso ya tomate. Amesema nitakaa juu ya vitunga na sitafungua kinywa mpaka Kamanyola, juu siri alizobeba zinamutosha, hataki na hadithi.

Hapa tunaendelea. Muzee Déogratias amepata dawa, kikohozi kinapungua, tricot ameikatalia, hairudishe. Maman Micheline analala kwake. Chef yuko angali ku kiti, lakini anasalimia watu yeye wa kwanza, hata watoto. Mulango wa chuma uko wazi tangu ile jumapili. Mbuzi ya Maman Rosette alirudishwa. Mwenyewe alimuita jina mara mingi mbele ya watu, mbuzi akakula majani, hakujibu. Watu wanasema niliwadanganya.

Muambie mama wa Bruno avumilie ku corridor. Nitamubeba kwanza mimi, kisha yeye, kisha dunia yote.

Mukaba ulifika. Niliuvaa jana ku misa. Ku kutoka wanaume wakanizunguka, wakaushika, wakaugeuza, wakauliza: «Lucien, hii sasa ni ngozi ya nini?» Wengine walikuwa wameshakaa chini, wanangoja. Nikawaambia: ni plastiki. Mutoto wangu alininunulia.

Wakacheka mpaka machozi. Wanasema hii bongo yangu ni kubwa kupita ya mamba.

Lakini suruali imekaa, Colombe, na mikono yangu yote mbili sasa haina kazi ingine.

Tonton wako,
Lucien